Mtu wa Kupima

Miaka ishirini na mitano nilikaa masjala, nikipokea, nikipanga na kutafuta mafaili ya migogoro ya ardhi. Sikuwa hakimu wala wakili. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha faili likiitwa linapatikana. Lakini mtunza masjala asiyefungua mafaili sijawahi kumwona, na mimi nilisoma mengi kuliko waliolipwa kuyasoma. Nikagundua kwamba karibu yote huanza kwa maneno mawili: jirani yangu. Jirani yangu amesogeza uzio. Jirani yangu amekata mti wa mpaka. Jirani yangu, ambaye tuliishi naye vizuri kwa muda mrefu. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilipostaafu na kuhamia kwenye nyumba yangu ya Nangara, mafaili yale yalihama nami kichwani, na mtu wa kumshuku nilikuwa naye mmoja tu.

Ni mama jirani wa upande wa shamba; kiwanja nilikinunua kwa mume wake. Wakati ule upande ule ulikuwa mashamba kuliko nyumba, na hakuna aliyehangaika kuita wapimaji wa serikali. Mzee alipima kwa miguu. Alianzia kwenye njia, akatembea kuelekea shambani kwake huku akihesabu kwa sauti, akafika hatua ishirini, akachomeka matawi ya mnyaa kuwa alama ya mpaka. Mwenyekiti wa mtaa wa siku hizo akaandika kwenye karatasi: hatua ishirini kwa thelathini. Tukatia sahihi. Mzee alikuwa mrefu, hilo nalikumbuka vizuri, na mke wake alisimama pembeni ameshika jembe bila kusema neno.

Yule mzee alifariki kabla sijamaliza kupaua. Mke akabaki na shamba la mahindi na maharage, ng'ombe wawili, na mimi.

Aliyewahi kusoma mafaili ataelewa hofu yangu. Mume akishazikwa, siku moja mjane huamka akasema ardhi iliuzwa bila yeye kushirikishwa. Au hasemi kitu, anakula mpaka kidogo kidogo, mguu mmoja kila msimu, mpaka unashangaa shamba la mwenzako limefika dirishani. Na huyu wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Kiswahili chake alikitoa kwa kuhesabu, chenye lafudhi nzito ya watu wa huku, na ukimsalimia alikuangalia kwanza ndipo akajibu. Mimi mtu anayeongea sana simwogopi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Nyumba niliijenga kwa miaka mingi, tofali kwa tofali, huku nimepanga chumba karibu na ofisi. Nilipohamia hatimaye, upande wa mpakani palikuwa msitu. Yale matawi ya minyaa yalikuwa miti kamili. Bogonvilia niliyoipanda kwa mikono yangu ilikuwa imepanda juu yake na kuifunika kama blanketi, na chini kulikuwa na magugu, sangari, ndago na mbigili zilizofungamana hata kuku walipita kwa taabu. Ni ukanda mwembamba tu, wa hatua nne hivi, unaoonekana kutoka dirisha la jikoni. Lakini kila mtu ana kitu anachojiahidi uzeeni, na mimi nilijiahidi ukanda ule. Nilitaka mawaridi nyuma, maua mafupi mbele, mchicha kidogo katikati kwa ajili ya sufuria. Pande zangu nyingine tatu ni njia, choo na ukuta wa nyumba ya watu. Nikipoteza pale, sina pengine pa kupanda hata kitunguu.

Nikaanza kufyeka mwenyewe. Mnyaa si wa kuuchezea, utomvu wake ukiingia jichoni utajuta kuzaliwa, hivyo nilijifunga kanga usoni nikaacha macho tu, na juu ya macho nikavaa miwani ya kusomea. Siku ya pili ya kufyeka, mama jirani akatokea upande wa pili wa majani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Pole na kazi." Akaangalia panga, akaangalia majani, akaangalia visiki nilivyoacha. "Utafyeka mpaka wapi?"

Sasa, mtu mwingine angesikia swali la kawaida: utaishia wapi leo, utachoka lini. Mimi nilisikia neno moja tu. Mpaka. Mpaka wapi! Nikajibu, "Kwangu tu, mama. Kwangu kunajulikana." Akatikisa kichwa taratibu, akasema haya, akaondoka. Machale yakanicheza toka saa ile.

Nilipomaliza kufyeka na kuchoma ndipo nikakutana na udongo. Mafundi walionichimbia msingi na shimo la choo walikuwa wametupa udongo wote wa chini pale pale, na juu yake wakaoshea karai za zege miaka nenda rudi. Jembe liliruka. Nikimwaga maji yalisimama kwanza, halafu yakatafuta njia ya kukimbia. Nilivunjavunja kwa sululu, nikatengeneza matuta, nikapanda. Mchicha ulitoka ukafika urefu wa kidole, ukageuka njano, ukagoma. Mawaridi yalipukutisha majani hadi yakabaki miiba. Kwetu tunaamini majivu ni dawa ya udongo, hivyo nikawa namwaga majivu ya jiko kila jioni. Kadiri nilivyomwaga ndivyo njano ilivyozidi. Nikaanza kujiuliza kama kuna mtu anamwagia kitu kingine mimi nikiwa sipo.

Asubuhi moja nimetoka sokoni nikakuta lundo la samadi katikati ya tuta langu, kiasi cha karai moja. Haikuhitaji upelelezi, maana mwenye ng'ombe alikuwa mmoja. Na jambo hilo nilikuwa nimelisoma mara nyingi. Mtu anaanza kwa kutupa uchafu sehemu. Ukinyamaza, anazoea. Akizoea, anaita mashahidi waseme hapo ndipo anapotupa taka zake tangu enzi za baba yake. Kwa lugha ya mafaili, ameanza kulitumia eneo. Nikachukua sepeto, nikarudisha samadi yote ng'ambo ya visiki, kwake.

Siku mbili baadaye lundo lilikuwepo tena. Lilikuwa kavu zaidi. Nikarudisha. Wiki iliyofuata likaja limechanganywa na maganda ya maharage na majani yaliyooza, limetandazwa vizuri kuzunguka mawaridi, na hilo ndilo lililonikera kabisa, maana sasa alikuwa anajichukulia hata uhuru wa kutandaza. Nikalikwangua hadi chembe ya mwisho, nikarusha, wala sikurusha kwa upole. Hakuna kati yetu aliyemtamkia mwenzake lolote. Asubuhi tulisalimiana kama kawaida. "Umeamkaje?" "Salama mama." Aliangalia pale samadi ilipokuwa, akaniangalia mimi, akaenda kukamua.

Nikaenda Dodoma kumwona binti yangu kwa wiki moja. Nilimweleza yote, kuanzia swali la mpaka hadi samadi. Alinisikiliza huku anakunja nguo, kisha akasema, "Mama, si umwulize tu?"

Nilimhurumia. Huyu mtoto hajawahi kufanya kazi masjala. Ukimwuliza mwizi unampa nafasi ya kujipanga.

Niliporudi, kabla bajaji haijanifikisha nyumbani, nilishuka kwenye genge la karibu kununua nyanya. Mama wa genge alinikaribisha kwa furaha ya mtu aliyetunza habari kwa siku kadhaa. "Karibu mama! Ulisafiri? Eti jirani yako si kaleta mtu wa kupima. Msichana hivi, kaja na pikipiki, ana begi. Wamepima upande wako huo wote, wakachimbachimba, yule msichana anaandika."

Sikuuliza kupima nini. Hapa kwetu, tangu mji uanze kutanuka, neno hilo halihitaji mkia. Ukisikia wanapima, wanapima viwanja. Ukisikia mtaa fulani umepimwa, watu wanaanza kukimbilia karatasi zao chini ya magodoro. Nyanya sikumbuki kama nilizilipia au nilirudi baadaye kuzilipia. Nilitembea hadi kwangu, na begi nikaliacha mlangoni.

Mashimo yalikuwepo. Nilihesabu sita, mafupi, ya upana wa jembe, yamefukiwa juu juu. Hayakukaa kwenye mstari. Moja hapa, jingine kule, yanakwenda yakipinda toka mwanzo wa ukanda hadi mwisho. Nimeona michoro ya kutosha kujua kwamba mpaka haupindi namna hiyo, isipokuwa mpimaji awe amekubaliana na mtu ili upinde. Alingoja nisafiri. Nilikuwa nimemwaga mwenyewe kwenye salamu zetu kwamba naondoka kwa wiki moja, na yeye akanitakia safari njema!

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Nikawahi misa ya kwanza, nikapokea komunyo na yote, nikarudi mbio, maana kanisani kwake ibada ni ndefu na nilijua nina saa tatu nzima. Nikatoa karatasi ya mauziano. Hatua ishirini. Nikasema moyoni, haki ni haki: hatua hizi ni za mtu mrefu, kwa hiyo mimi mfupi lazima nivute. Nikakunja kitenge hadi magotini, nikaanzia njiani, nikatembea. Mara ya kwanza nilipata kumi na tisa mpaka kwenye visiki vya minyaa. Sikuridhika, nikaona sikuvuta vya kutosha. Nikarudi kuanza upya, nikarusha mguu mpaka nyonga ikalia. Nikapata kumi na nane.

Hatua mbili zimeliwa.

Mtu angeniuliza mbona visiki vipo, ningemjibu mnyaa ni mti mwongo. Tawi likidondoka linaota, ukilichomeka linaota, unaweza kuuhamisha kwa msimu mmoja na mwenye shamba asijue. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Nikaenda kando ya barabara kung'oa vichipukizi vya mkonge, nikarudi na kumi na kimoja kwenye kiroba, na nikavipanda kwa mstari hatua mbili ndani ya shamba lake.

Hapo palikuwa na mstari wa maharage yanayoanza kutoa maua. Nikayang'oa. Nikayalaza upande wake, yamepangwa vizuri, mizizi upande mmoja na maua upande mwingine, kama mtu nadhifu. Na nilipopiga jembe la kwanza kwa ajili ya mkonge, jembe lilizama. Nilizoea kwangu, nilikuwa nimeshakaza mabega nikisubiri lidunde, karibu nianguke. Udongo ulitoka mweusi, laini, una unyevu, una nyungunyungu wanene wanaojikunja. Nikaushika. Ulinukia vizuri. Hatua chache tu kutoka kwangu! Mtu mwenye akili angejiuliza amefanyaje. Mimi nilijijibu palepale kwamba ni udongo wangu huu, umehamia kwake pamoja na hatua zangu mbili.

Mama jirani alirudi kutoka kanisani saa saba. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Alikuwa na gauni lake la Jumapili na kitabu cha nyimbo kwapani. Alisimama mbele ya mikonge kwa muda mrefu, akageuza kichwa kufuata mstari mwanzo hadi mwisho. Akainama, akaokota maharage, akakung'uta udongo kwenye mizizi, shina moja baada ya jingine. Akaingia nayo kwa ng'ombe. Nilisubiri aje. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyapanga, na chai imepoa mezani. Hakuja, na kutokuja kwake nikakuchukulia kuwa ushahidi. Asiye na hatia angepiga kelele.

Jumatatu asubuhi nikawa wa kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Masjala ilinifundisha kwamba anayewahi kulalamika ndiye anayeitwa mlalamikaji, na aliyechelewa anabaki kujitetea. Mwenyekiti, mwanaume mtu mzima mwenye subira na miguu mirefu, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atafika Jumanne jioni, atuone wote wawili pale pale mpakani.

Alifika na daftari. Mama jirani alikuja na kiti cha plastiki, akampa mwenyekiti, yeye akasimama. Nikatoa maelezo yangu. Sijisifu, yalikuwa maelezo mazuri. Nilianza na siku ya mauziano, nikaenda kwenye swali la mpaka, nikaja kwenye samadi mara tatu, nikamalizia na mtu wa kupima aliyeletwa mwenye eneo akiwa safarini. Mama jirani aliangalia chini muda wote. Nilipotaja samadi aliinua macho, akayashusha.

"Haya mama," mwenyekiti akaniambia, "hizo hatua ulizipimaje? Hebu tuonyeshe."

Nikaenda njiani, nikashika kitenge, nikaanza. Sikufika hata hatua ya tano.

"Mama, subiri. Hiyo ni hatua au unaruka mtaro?"

Watu wawili watatu waliokuwa wamesimama njiani wakacheka. Nikasema mzee alikuwa mrefu. "Nilimjua," mwenyekiti akasema, "tulikuwa tunalingana." Akainuka, akaenda mwenyewe njiani, akaja anatembea mwendo wake wa kila siku, mikono nyuma, anahesabu. Alipotamka ishirini alikuwa amekanyaga kisiki cha mnyaa.

Lakini mtu aliyejenga kesi haachi kwa kisiki kimoja. Nikasema, "Sawa. Tuache hatua. Na yule mtu wa kupima? Aulizwe alileta mpimaji wa nini kwenye eneo langu mimi nikiwa sipo."

Mwenyekiti akamgeukia. "Mama, ni kweli ulileta mtu?"

"Nilileta," akasema mama jirani.

"Umesikia mwenyewe, mwenyekiti," nikadakia.

"Ni yule binti wa ofisi ya kilimo. Alikuja kupima udongo."

Mama jirani akaingia ndani kwake, akatoka na kitabu cha nyimbo, na katikati ya kurasa akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Alipima hapa hapa, ana kimashine chake na kichupa cha maji. Akaandika. Mimi macho yangu hayasomi maandishi madogo. Nilikuwa nangoja huyu apumzike na safari, nimletee."

Mwenyekiti akaipokea, akaifungua, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, halafu akanipa mimi. "Soma wewe mama. Ndiyo ilikuwa kazi yako."

Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti, kwa sauti ile ya ofisini, kwa sababu nyingine sikuwa nayo. Karatasi ilisema eneo ni bustani ya mpakani. Ilisema udongo umechukuliwa sehemu sita tofauti ukachanganywa, ili upatikane udongo unaowakilisha eneo zima. Ilisema udongo ni mgumu, una mabaki ya saruji, chokaa imezidi sana, mboji karibu hakuna, na ndiyo maana mimea inageuka njano. Chini kulikuwa na ushauri. Majivu yasiwekwe kabisa, yanazidisha tatizo. Ichanganywe samadi iliyooza vizuri, nyingi, msimu hadi msimu. Udongo ufunikwe kwa majani makavu. Kwanza yapandwe maharage, maua yaje baadaye. Kisha kulikuwa na sehemu za kujaza. Mwenye eneo: hapo lilikuwa jina ninaloitwa mtaani, Mama na jina la mwanangu. Aliyeomba kupimiwa: jirani. Uhusiano wake na mwenye eneo.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Endelea mama," mwenyekiti akasema.

"Mdogo wangu," nikasoma. Yule binti wa kilimo alikuwa ameandika kama alivyoambiwa.

Nimepitisha mikononi mafaili ya maelfu ya majirani. Sehemu ile ya uhusiano nimeiona imejazwa mlalamikaji, mlalamikiwa, shemeji, mke mdogo, mrithi. Neno lile juu ya mtu wa ng'ambo ya mpaka sikuwahi kulikuta, na siku nilipolikuta lilikuwa linanihusu mimi, na nililikuta nimeshang'oa maharage yake.

Ndipo mama jirani akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema, na hakuniambia mimi, alimwambia mwenyekiti. "Nilimletea samadi, akairudisha. Nikasema labda ni mbichi, itamuunguzia maua. Nikaleta kavu, akarudisha. Nikachanganya na maganda, nikamtandazia, akarudisha. Nikasema huyu ni mtu wa ofisi. Mtu wa ofisi anaamini karatasi. Nikaenda kumtafutia karatasi."

Niliona aibu. Sina namna nyingine ya kulisema, niliona aibu ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, mbele ya mwenyekiti, mbele ya wapita njia, mbele ya mikonge yangu kumi na kimoja iliyosimama kwenye udongo mzuri wa mtu. Na ule udongo mzuri, nikawa naelewa nikiwa nimeshika karatasi, mwaka ule nilikuwa nimeuzidishia mimi mwenyewe, karai baada ya karai, kwa sepeto langu.

Mwenyekiti akafunga daftari bila kuandika. Akasema mikonge ing'olewe.

"Kama anaitaka aiache," mama jirani akasema. "Maharage yameshakufa."

Nikaing'oa jioni ile ile, kwa mikono, na ikanichoma inavyostahili. Kesho yake nilikwenda kwake asubuhi na debe la mbegu ya maharage, nikamwomba radhi kwa maneno yangu yote bila kuficha hata moja, mpaka la pazia nikamwambia. Alisikiliza. Akaniangalia kwanza kama kawaida yake, akasema, "Yameisha." Tukapanda pamoja ule mstari. Nilipopiga jembe vibaya alinirekebisha. Siamini kwamba aliweka kinyongo, na mimi kuamini hivyo kuhusu mtu ni jambo kubwa.

Majivu niliacha. Samadi aliendelea kunipa, nami nikaichanganya, nikafunika kwa mabua na majani, nikapanda maharage kama karatasi ilivyosema na kuyafukia udongoni yakiwa mabichi ili yawe mbolea, jambo lililoniuma kama kutupa chakula. Baada ya misimu miwili jembe lilianza kuzama. Nilimwona nyungunyungu wa kwanza nikamwita binti yangu kwa simu, akadhani nimeokota dhahabu. Sasa mawaridi yamesimama nyuma, mchicha una majani mapana, na watu wakitoka kanisani wanapunguza mwendo kutazama. Hakuna uzio. Niliamua kusiwe na uzio. Kuna visiki vya minyaa tu, na navyo vinaoza.

Juzi nilikuwa nimeinama napalilia nikasikia hodi. Nikainuka nikatazama njiani, hakuna mtu. Nikatazama mlangoni. Hodi ikaja tena, nyuma yangu. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa visiki, mikono mitupu. Kuku wake mmoja alikuwa ameingia kwenye maua yangu, anachakura, na yeye alikuwa anasubiri.

"Pita tu mama," nikamwambia. "Tangu lini unapiga hodi huku?"

"Naruhusiwa?"

Hakuwa ananitania. Ningefurahi sana kama angekuwa ananitania. Nikamwambia anaruhusiwa, leo na siku zote. Akatazama chini kwanza, akatafuta mstari ulipo, kama ninavyotazama mimi, ndipo akainua mguu akavuka.